Mtani wa Mnara wa Taa

Hapa Ipuli, Tabora, mtu akiniuliza baba yangu alifanya kazi gani pwani, huwa najibu kwamba alikuwa anawasha taa. Watu hucheka. Wanadhani nawatania, au kwamba alikuwa fundi umeme na mimi sijui kueleza. Basi inanibidi nianze upya: kuna mnara, uko kwenye rasi, juu yake kuna taa, na vyombo vikiiona gizani vinajua hapo pana mwamba, visisogee. Nikifika kwenye mwamba, aliyeuliza ameshaanza kuangalia simu yake. Tabora tuko mbali mno na bahari, kwa hiyo sina haki ya kumlaumu mtu, ingawa huwa namlaumu.

Baba alizaliwa upande wa Sikonge, kwenye ukoo wa wafuga nyuki, na mpaka anakuwa kijana alikuwa hajaona maji mengi kuliko ya bwawa. Babu wa babu yake alikwenda Bagamoyo kwa miguu, pembe ya ndovu begani, kama walivyokwenda Wanyamwezi wengi wa zama zile. Baba alikwenda kwa treni, behewa la daraja la tatu, na sanduku la bati miguuni. Alitafuta kazi bandarini, akapewa ya kutunza mnara mmoja kusini mwa Bagamoyo. Mwenyewe alisema walimchagua kwa sababu mtu asiyejua kuogelea hawezi kutoroka.

Mtunza mnara mwenzake alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Wazee wetu walikutana kule mwisho wa njia ya misafara, hawa wamechoka na wana njaa, wale wana nyumba na visima, na badala ya kupigana kila msafara ukifika wakakubaliana kutukanana. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako akilisema mtafikishana kwa mwenyekiti wa kijiji. Anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku, nawe huruhusiwi kununa. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuiga mwendo wako na sauti yako. Atalala ndani ya kaburi lako akatae kutoka mpaka apewe kitu, watu wanacheka huku machozi yanawatoka.

Mimi nilikuwa siupendi utani huo hata kidogo. Nilihamia kule na mama nikiwa msichana mdogo, kabla sijaanza shule, na jambo la kwanza ninalolikumbuka ni Mzaramo yule kupita mlangoni kwetu amevaa viatu vya baba. Nilimwambia shikamoo, kwa adabu zote nilizofundishwa. Akasema shikamoo za Wanyamwezi hapokei, zina vumbi. Nilikwenda kumshtaki kwa baba, na baba akacheka mpaka akakaa chini. Alitembea pekupeku siku nzima, wala hakuonekana kujali.

Mnara wenyewe ulikuwa mweupe, chokaa imebanduka upande wa baharini, kuta nene za mawe ya matumbawe. Ulijengwa wakati wa Wajerumani. Ndani ngazi zilizunguka na kuzunguka, zikinuka mafuta ya taa na popo, mpaka ukatokea kwenye chumba cha vioo. Hapo ndipo nilipokuwa napenda kukaa. Taa yenyewe ilikuwa ndogo, ungeweza kuidharau. Nguvu ilikuwa kwenye kioo kilichoizunguka, kirefu kuliko baba, kimepangwa tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na usiku jenereta liliwasha taa na kukizungusha. Baba na mtani wake walikisafisha kila asubuhi kwa spiriti na ngozi laini, wakitukanana taratibu ili wasitingishe mikono. Wakimaliza walishusha mapazia pande zote. Bila mapazia, jua lingepita kwenye kioo kile na kuunguza chochote lilichokiangukia. Kwa hiyo kwetu mapazia yalifungwa mchana na kufunguliwa jua likizama, na nilipoanza kutembelea nyumba za wenzangu nilishangaa kuona wao wanafanya kinyume.

Chini ya mnara palikuwa na nyumba mbili za watumishi, kisima cha maji ya chumvichumvi, na kaa wengi kuliko watu. Mama alijaribu kupanda karanga kwenye mchanga, akashindwa, akajaribu tena. Chumvi ilikula sufuria, bawaba na baiskeli. Hata hivyo nilikua vizuri pale, sikulala njaa, nilikuwa na baba wawili, mmoja wa kunibembeleza na mmoja wa kunichokoza. Leo nikiwa mwalimu wa watoto wanaojua kutukana kuliko kusoma, naona huyo wa pili alinifaa sana.

Taa ilizimwa wakati mimi nimesharudi huku na kuanza kufundisha. Walikuja mafundi wakasimika nguzo ya chuma kule kwenye mwamba wenyewe, juu yake taa ndogo ya sola inayojiwasha na kujizima. Wakaeleza kwamba meli kubwa siku hizi zina mitambo yake ya kuzionyesha njia. Hawakuwa watu wabaya. Baba alisema walimsikiliza na kunywa chai yake. Kisha wakafunga mlango wa mnara kwa kufuli. Siku hiyo baba alinipigia simu akasema, "Tumezima," akaniuliza hali ya mvua Tabora.

Alirudi na mama, wakaishi nami hapa Ipuli. Kwa miaka kadhaa nilidhani ameipokea hali hiyo vizuri. Alitundika mizinga kwa ndugu zake Sikonge, akawa anakwenda huko na baiskeli na kurudi na asali. Jambo moja tu lilibaki: asubuhi alifunga mapazia ya nyumba nzima, jioni akayafungua. Majirani walituletea sukari na kutupa pole, wakidhani tuna msiba tusioutangaza. Mama alizipokea sukari zote.

Kisha, mwaka juzi, baba akapata kiharusi. Kilikuwa chepesi, tunashukuru Mungu. Hospitali walimhudumia haraka, na daktari akatueleza bila kuzunguka kwamba mzee atatembea na atasema, ili mradi ale na afanye mazoezi. Mkono na mguu wa kushoto ulikuwa mzito, mdomo umepinda kidogo. Tukamrudisha nyumbani tukiwa na furaha. Siku ya pili nilipompelekea uji alinitazama, akasema polepole, kila neno akilitafuta: "Nimemaliza maisha yangu kuwasha taa ambayo haikumsaidia mtu." Akageukia ukutani.

Baada ya hapo hakusema tena. Wala si kwamba alishindwa. Tulimwona akitaka kusema na kuacha. Uji akawa anakunywa vijiko viwili vitatu, kisha kimoja, kisha akawa anafunga mdomo. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba na kuimba vizuri mno. Shangazi alitoka Nzega na kuku wa kienyeji. Mimi nilimbembeleza, nikamsomea, nikamfokea, kisha nikaenda kulia nyuma ya jiko. Nilijua ninachokiona. Baba yangu alikuwa anakufa, na hakuwa anakufa kwa kiharusi.

Mama ndiye aliyesema, "Mpigie mtani wake."

Sikutaka. Nilimpigia kwa sababu mama aliketi mbele yangu mpaka nilipobonyeza. Nilimweleza yule mzee kila kitu, hali ya baba, chakula anachokataa, na yale maneno ya taa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi nakuja kuchukua redio yangu," akakata simu. Redio yenyewe ilikuwa ya baba. Nilikasirika hata nikashindwa kusahihisha madaftari ya siku hiyo.

Alipanda treni ya umeme mpaka Dodoma, akaunga na basi, akatokea kwetu saa za mchana amevaa kanzu iliyokunjamana na kofia ya kushonwa kwa mkono. Hakubisha hodi. Alisimama getini, akaweka mikono miwili kichwani, akaanza kulia kilio cha msiba kwa sauti ambayo umri wake haukuiruhusu. Nusu ya mtaa ilisikia. Wanawake waliacha vyungu motoni wakaja mbio, jirani yetu mmoja akiwa ameshajifunga khanga kiunoni tayari kwa kazi ya matanga.

Nilitoka nikiwatuliza watu. "Baba hajafa," nikasema. "Yuko ndani, anapumua."

Mzee akakata kilio palepale. "Hajafa? Sasa mmenitoa mbali kote huko nije nifanye nini?"

Nilimshika mkono nimtoe nje. Nasema kweli, ningemtoa. Umri wake na safari yake nilikuwa nimevisahau. Mama akaja akaubandua mkono wangu. "Mwache," akasema. "Hii si kazi yako." Kisha akajifunika uso kwa khanga na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Nilipomsogelea nikakuta anacheka, na sikuwa nimemwona akicheka tangu tutoke hospitali.

Mzee aliingia chumbani kwa baba, watu nyuma yake, wengine wakijaa dirishani. Baba alikuwa ameelekea ukutani kama kawaida. Mtani wake alimpima kwa viganja, kutoka kisigino hadi utosini, akatutangazia kwamba Mnyamwezi huyu amepungua, kaburi dogo litatosha. Akasema redio ni yake, baiskeli ni yake, mizinga atawaachia nyuki wenyewe. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaona sahani ya ugali na nsansa, ile mboga ya majani makavu, iliyoungwa karanga, ambayo mama alikuwa ameiweka pale bila matumaini, akanawa mikono, akaanza kula.

"Jamani," akasema huku anatafuna, "kwa kuwa ninyi watu wa bara hamkuuona ule mnara, acheni niwape habari zake kabla hatujamzika huyu. Mnara ule ulijengwa na babu zangu. Wanyamwezi walipita tu, wakaomba maji, wakaenda zao."

Watu wakaguna. Baba hakugeuka.

"Kioo chake nilikuwa nakisafisha mimi. Marehemu alikuwa mvivu. Halafu anaogopa ngazi. Alipofika mara ya kwanza alipanda kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto."

Dirishani wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama kichwani mwa kitanda, nikaona mshipa wa shingo ya baba umetuna. Pumzi zake zikabadilika, zikawa fupi fupi, kama za mtu aliyechelewa kanisani. Nilitaka kumwambia mzee aache, asije akamuua, lakini mama alikuwa amenishika nguo kwa nyuma.

"Na ile mvua kubwa," mzee akaendelea, akafuta sahani kwa tonge, "ile ya upepo, jenereta likafa. Hamtaamini. Niliwasha karabai mwenyewe, nikazungusha kioo kile kwa mikono hii miwili mpaka kukakucha. Peke yangu. Huyu amelala. Na kinachoniuma ni kwamba nilijisumbua bure, maana baharini hakukuwa na mtu hata mmoja."

Bega la baba likasogea.

"Mwongo," akasema baba.

Sauti ilikuwa nzito, imejaa mate, lakini ilikuwa sauti yake. Mama aliiachia nguo yangu. Mzee hakumtazama hata kumtazama. Alikuwa analamba vidole.

"Nani amesema?" akauliza. "Nimesikia kaburi linaongea."

"Mwongo wewe." Baba alikuwa anageuka, kwa taabu, akijivuta kwa mkono wa kulia, na mimi nikajizuia nisimsaidie. "Nilizungusha mimi. Wewe ulishika karabai. Na watu walikuwepo."

"Watu gani?"

"Harusi. Boti ya harusi."

"Sikumbuki harusi."

"Walikuja asubuhi." Sasa alikuwa ameelekea kwetu, jasho linamtoka, mdomo uliopinda unahangaika na maneno. "Wote. Na bibi harusi. Wamelowa. Walisema waliiona taa ndiyo wakageuza. Wakaleta pilau." Akavuta pumzi. "Ukala wewe."

"Kumbe pilau ile ilikuwa ya harusi," akasema mtani wake. "Nilidhani ya msiba, ndiyo maana niliimaliza. Lakini wale walikuwa Wazaramo. Kumwokoa Mzaramo nako ni kazi ya kuringia?"

Baba akaanza kucheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, machozi yakishuka pande zote mbili. Nami nikaelewa nimemsikia akikana kwa kinywa chake yale aliyoyasema siku ile ya uji, na hakuna aliyembembeleza akane. Alikana kwa hasira. Nilipiga magoti palepale nikashika mguu wake mzito, sikujua nifanye nini kingine.

Baba hakuishia hapo. Alitaka la mnara nalo lirekebishwe. Alitueleza, kwa vipande vipande, mtani wake akimkatiza kila alipotafuta neno, kwamba mawe ya mnara ule yalitolewa ufukweni na kupandishwa rasini na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wamekwama pwani wakingoja mizigo ya kurudi bara. Mzee mmoja wa kule ndiye aliyemsimulia alipoanza kazi, alipomwona anaona haya kuwa mgeni. Wazaramo walichoma chokaa. Wanyamwezi walibeba mawe. Kwa hiyo alipopanda ngazi zile, hata kama ni kwa makalio, alikuwa anapanda juu ya kazi ya mabega ya kwao. Sikuwahi kuisikia habari hiyo kabla, mimi niliyekulia chini ya mnara wenyewe. Nilikuwa nimemhesabu baba yangu kama mtu aliyepotelea ugenini.

"Sasa nipe chakula changu," akasema mwishoni.

"Nimemaliza," akajibu mtani wake.

Mama alikuwa ameshakimbilia jikoni. Jirani yetu alifungua khanga kiunoni, akaifunga tena vizuri, akaenda kumsaidia kusonga.

Mzee alikaa kwetu karibu mwezi. Mama alimtandikia mkeka wa kuswalia uani, penye kivuli, na akawa anawanyamazisha kuku wakati wa swala. Kila asubuhi alimtoa baba nje kufanya mazoezi, akitembea nyuma yake na kumwiga anavyoburuta mguu, mpaka baba akawa anatembea kwa kumfukuza na fimbo. Daktari alipomwona tena aliuliza tunamfanyia mazoezi gani. Nilimwambia anafanyiwa na mtu kutoka pwani, mtaalamu. Na jioni walikaa pamoja wakibishana juu ya ule mnara: nani alivunja taa ya akiba, nani alimlisha yule paka, meli gani ilipiga honi ya kushukuru ikipita. Niliwasikiliza nikisahihisha madaftari, na nilimshukuru Mungu kwa kila tusi.

Nilimsindikiza stendi mwenyewe. Nilipanda naye ndani ya basi nikamwekea begi lake, na asali ya Sikonge ambayo baba alidai imeibwa. Kisha nikakaa kiti cha pembeni yake, maana nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha.

"Baba mdogo," nikasema, "sijui nikushukuru vipi."

Uso wake ulibadilika. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona amekasirika, na sasa alikuwa amekasirika. "Usinishukuru," akasema. "Anayeshukuriwa ni mgeni. Mimi nimekuwa mgeni wenu tangu lini?"

Nilijua anataka nini, nilikuwa nimekitazama maisha yangu yote na kukinunia. Mimi hasira ninazo, ulimi ninao, wanafunzi wangu ni mashahidi. Ila kumtukana mtu mzima aliyeniokolea baba, midomo ilikataa. Konda alipiga ubavu wa basi. Mzee alikuwa anatazama mbele, amekunja mikono juu ya begi, na mikono ile niliiona imezeeka.

"Sikiliza, Mzaramo," nikasema. "Siku ukifa nitakuja mwenyewe. Nitalala ndani ya kaburi lako, na sitatoka, hata wanipe nini."

Aligeuka akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kama vile ndiyo kwanza ananiona.

"Utachelewa," akasema. "Kwetu mtu akifa asubuhi, mchana tumeshamzika. Na wanawake hawaji makaburini."

"Ya makaburini tutagombana huko huko. Wewe usife mpaka nifike."

Alivua kofia, akajifuta nayo uso, akaivaa tena upande upande. Akaniambia nishuke, nimekaa kwenye kiti cha watu.